Tupeane uzoefu: faili la hesabu linapokataa kufunguka kwenye kompyuta za wenzetu ofisini

Ndugu wahasibu wenzangu, naomba tuelezane tulivyolitatua tatizo la QuickBooks ya mezani (programu ya uhasibu inayowekwa kwenye kompyuta) kufunguka vizuri kwenye kompyuta kuu, huku kompyuta nyingine zikionyesha kosa H202, yaani zimeshindwa kuifikia ile yenye faili la kampuni. Naanza mimi.

Duka letu la vifaa vya ujenzi liko Kampala. Umeme ulikatika tukikaribia tarehe 15, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani ya VAT kwa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, na uliporudi keshia hakuweza tena kuingia. Nilifungua kwa Notepad lile faili dogo la .ND linalokaa folda moja na faili la kampuni, nikaona anwani ya mtandao (IP) ya seva, yaani ya kompyuta kuu, iliyoandikwa humo inaishia na 14, ilhali kompyuta kuu yenyewe sasa inaishia na 22, kwa sababu ruta ilipowaka upya iligawa anwani upya. Nililibadilisha jina faili hilo, nikaichanganua folda upya kwa programu ya QuickBooks inayosimamia seva ya data, kisha nikaiwekea kompyuta kuu anwani ya kudumu kwenye ruta. Hatua hii ya mwisho ndiyo naiona muhimu kuliko zote, kwani bila hiyo tatizo linaweza kurudi kila umeme unapokatika.

Mchangiaji, Mbale: Kwetu anwani zilikuwa sawa. Kompyuta ya stoo ilikuwa imewashiwa nayo uenyeji wa faili (hosting), yaani kazi ya kuzigawia kompyuta nyingine faili la kampuni, jambo linalopaswa kuwashwa kwenye kompyuta moja tu. Tulipouzima, wote waliingia.

Mchangiaji, Gulu: Tulibadilisha ruta, na Windows ikauhesabu mtandao mpya kuwa wa umma, hivyo ikazificha kompyuta zisionane. Tuliugeuza kuwa mtandao binafsi, tukaruhusu mlango (port) 8019 unaotumiwa na QuickBooks kwenye fayawoli, yaani ukuta wa ulinzi wa kompyuta, ndipo folda ikaonekana. Tafadhali msizime fayawoli yote kwa sababu ya haraka, maana madeni ya wateja wetu yamo humo.

Mwanzilishi wa mada: Ahsanteni sana. Naongeza kwamba kabla ya kugusa chochote, watumiaji wote watoke kwanza, kisha faili la .QBW, yaani faili la kampuni lenyewe, linakiliwe pamoja na mwenzake wa .TLG, ambalo ndilo linalohifadhi miamala iliyoingizwa baada ya nakala kamili ya mwisho.