Tupeane uzoefu: uliosha vipi mchanga au changarawe ya tanki la samaki na kuitumia tena?

Baba Nuru (Shangani, Mtwara):
Wadau, habari za jioni. Nina jambo limenikaa moyoni tangu mwezi wa pili. Nilihamisha samaki wangu kutoka tanki la lita 60 kwenda la lita 120, na kwa kuwa changarawe ilikuwa nzuri nikaona niitumie ileile. Nikaitia kwenye beseni, nikaifikicha kwa maji ya bomba mpaka maji yakatoka meupe, kisha nikaianika juani siku mbili. Ikang'aa. Filta nayo nikanunua mpya. Samaki nikawarudisha siku hiyohiyo nilipojaza maji.

Siku ya tatu maji yalikuwa na ukungu kama yaliyooshewa mchele, samaki wote wako juu wanahema. Ndani ya juma moja nilizika gapi kumi na mmoja. Binti yangu ndiye aliyekuwa akiwalisha kila asubuhi kabla ya shule, na sikuwa na la kumwambia.

Baadaye ndipo nikaelewa. Kinyesi cha samaki na chakula kinachobaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Wapo bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huvumilia isipozidi sana. Bakteria hao hawaelei ovyo majini. Wamegandia kwenye changarawe, kwenye sponji ya filta, kwenye kioo. Klorini ya bomba na jua letu la Mtwara viliwamaliza wote, na kuwaotesha upya huchukua kama wiki nne hadi sita. Samaki wangu hawakuwa na wiki sita.

Naomba kila mmoja aeleze alivyofanya yeye, palipoharibika na paliponyooka.

Mama Wawili (Lindi mjini):
Pole sana kaka, na mpe pole mtoto. Mimi siku hizi changarawe naisuuza kwa maji ya tanki lenyewe. Nafyonza maji kwa mpira mpaka ndoo ijae, naitia changarawe humo, naikoroga kwa mkono mara mbili tatu, basi. Maji ya kahawia namwagia mchicha, unastawi ajabu. Changarawe inabaki na rangi ya uzee na mimi naiacha hivyo. Tena siisafishi yote siku moja: nusu leo, nusu nyingine baada ya wiki mbili. Kama kazi italala, changarawe nailaza kwenye ndoo yenye maji ya tanki na jiwe la pampu ya hewa ndani. Isikauke.

Kijana wa Chuno:
Sabuni msiguse hata tone. Dada yangu alinisaidia kuosha kwa sabuni ya unga, kwa nia njema kabisa. Tulisuuza mara nane na bado povu lilipanda pampu ilipowashwa.

Fundi Vioo (Mikindani):
Niongeze la mchanga wa pwani, maana huku kwetu ndio unaopatikana bure. Mchanga wetu mweupe una vipande vya makombe na matumbawe. Dondoshea siki: ukiona vipovu, ujue una chokaa na utapandisha ugumu wa maji (wingi wa madini ndani yake) na pH, yaani kipimo cha uasidi au ualkali wa maji. Niliusuuza chumvi yote nikauweka kwenye tanki la samaki wa Ziwa Nyasa, wale wa kule upande wa Mbamba Bay, na wakapendeza mno kwa sababu maji ya ziwa lile yana pH ya juu. Kosa nililifanya mwaka uliofuata. Nilivunja tanki lile nikahamishia mchanga kwenye tanki la neoni, samaki waliozoea maji laini. Wakapauka, wakajificha, wakaondoka mmoja mmoja kwa miezi miwili. Nilishughulika na dawa za magonjwa kumbe chanzo nimekimimina mwenyewe kwa ndoo. Kwa hiyo kabla hujahamisha mchanga, jiulize unakwenda kwa samaki gani.

Na tafadhali, Msimbati msiende na viroba. Kule ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Tuwaachie kasa fukwe zao.

Mwalimu wa Mtanda (Lindi):
Mchanga wangu ulikuwa na kina cha kiganja kizima. Nilipouchota samaki wakiwa bado ndani, chini palikuwa peusi na harufu ya mayai viza ikajaa sebule. Ile ni gesi ya salfa inayojikusanya mahali pasipofika oksijeni. Nilipoteza kambale wangu wa miaka mitatu kabla ya adhuhuri. Sasa samaki natoa kwanza, nachota tabaka la juu peke yake na kulitunza kwa matumizi, na lile jeusi nalitupa bila kusita.

Baba Nuru:
Ahsanteni, nimesoma yote na binti amesoma nami. Swali moja: kama tanki lilipata ugonjwa, changarawe yake bado inafaa?

Mama Wawili:
Hapo ndipo maji ya moto au dawa ya kufulia yenye klorini vinaporuhusiwa. Kipimo kimoja cha dawa kwa ishirini vya maji, loweka, suuza mara nyingi, anika mpaka harufu iishe kabisa. Usichanganye na siki ya Fundi hata kidogo, mvuke wake unaumiza mapafu. Changarawe hiyo ihesabu kuwa mpya, haina bakteria hata mmoja. Mimi nina sponji ya zamani kwenye filta, nitakukatia kipande. Kikipanda basi asubuhi kikiwa kimelowa kwenye mfuko wa maji, mchana unacho Mtwara.