Naomba ushauri: natengeneza snea ya mninga

Habari zenu wakuu. Napiga dramu kanisani, Temeke, na nimeamua kujitengenezea snea (ile ngoma ya dramu yenye nyaya zinazochachatika chini yake) ya inchi 14, kwa mtindo wa Slingerland Radio King, snea ya Kimarekani ya miaka ya 1930. Zile zilikuwa ubao mmoja wa mepo (maple, mbao ngumu) uliokunjwa kwa mvuke, na pete za mbao ndani za kuimarisha. Sauti yake nene naipenda mno.

Vifaa vya mvuke sina, hivyo fundi wa Keko atanikatia vipande 16 vya mninga, kila ubavu ukikatwa kwa pembe ya nyuzi 11.25, tuvigundishe kisha tuchonge duara. Nimechagua mninga kwa kuwa ukishakauka hausinyai wala kutanuka sana, na unyevu wa Dar mnaujua.

Nimekwama hapa: unene niache milimita ngapi? Ukingo unapokaa ngozi niuchonge mviringo kama wa zamani, au mkali wa nyuzi 45? Na kile kibonde cha kupitishia nyaya za chini, kina chake kiweje? Hicho ndicho kinaninyima usingizi, maana ukichimba vibaya nyaya hazilali vizuri kwenye ngozi na kazi yote imeharibika.

Aliyewahi kutengeneza anisaidie tafadhali, mbao zinakatwa Jumamosi.