Nina shahada ya uhasibu ila mshahara hautoshi: nihame fani au nikomae?

Wakuu, heshima kwenu. Nina miaka 27, shahada ya uhasibu, huu mwaka wa nne niko ofisi moja naandaa vocha za malipo na kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki. Mshahara ukiingia unakaa siku kumi, ukijitahidi kumi na mbili. Jamaa niliyemaliza naye chuo aliingia kwenye programu za kompyuta, siku hizi hata salamu zake zimebadilika. Nianze kujifunza na mimi? Au urubani? Nitajieni fani inayolipa, kusota niko tayari. Msinitukane tu.

Kipanga_Juu: Urubani usiutaje kirahisi, mdogo wangu kapita huko. Leseni ile ya juu, ya kuwa nahodha wa ndege ya abiria, inadai saa 1,500 angani, na saa za mwanzo unazilipia mwenyewe. Halafu kuna kipimo cha afya cha daraja la kwanza, kila mwaka unarudi. Ukianguka kipimo, huruki.

Domokaya: Fani inayolipa ni kuwa mkwe wa mwenye kampuni.

Msomaji Wa Zamani: Adam Smith aliandika mwaka 1776 sababu tano za ujira kutofautiana: kazi kuwa ya kero, ugumu na gharama ya kujifunza, kutokuwa na uhakika wa kuipata kila siku, ukubwa wa dhamana unayokabidhiwa, na uwezekano mdogo wa kufanikiwa. Vocha zako ziko kwenye ipi hapo? Jibu kimoyomoyo.

Binti Namba: Kama hesabu unaziweza kweli, fikiria uaktuari. Ndio wanaokokotoa hatari kwenye bima na mifuko ya pensheni. Wako wachache, ndiyo maana wanalipwa. Wachache kwa sababu ya mitihani: mchana kazini, usiku kitabuni, miaka inakatika. Kuna mmoja nimeurudia mara tatu, na mwenzenu sikuwa mjinga darasani.

Mabano: Naandika programu mwaka wa tisa. Unaona mshahara wa jamaa yako, ile miaka miwili ya mwanzo aliyofanya kwa malipo kiduchu hukuiona. Na vile vikazi vidogo tulivyojifunzia sisi, sasa akili mnemba inavifanya, kwa hiyo mlango wa kuingilia umebana. Usiache kazi. Jioni jifunze SQL, lugha ya kompyuta ya kuchota data kwenye mifumo. Mhasibu anayeweza kuchimba data mwenyewe bila kubembeleza watu wa mifumo hapatikani ovyo.

Mzee wa Leja: Kijana, mbona hukutaja mitihani ya kitaaluma? Shahada ya uhasibu inakufanya msomi wa uhasibu, vocha utaandaa mpaka ustaafu. ACCA, kwa mfano, ile sifa ya kimataifa ya wahasibu, ni mitihani 13, na mwenye shahada kama yako mara nyingi husamehewa kadhaa ya mwanzo. Juu yake, miaka mitatu ya kazi iliyosainiwa na msimamizi mwenye sifa. Anayelipwa vizuri kwenye fani yetu ni yule ambaye akisaini hesabu zenye makosa, yeye ndiye anaitwa kujieleza.

Mleta uzi: Nimewasoma wote, asanteni. Domokaya, mwenye kampuni yetu ana watoto wa kiume watupu. Mzee wa Leja, kweli sijafanya hata mtihani mmoja, nilidhani shahada inatosha. Tatizo bosi wangu naye hana sifa hizo. Saini nitaipata wapi?

Mzee wa Leja: Basi hiyo ndiyo sababu yako ya kuhama. Fani baki nayo, ofisi badili. Tafuta kampuni ya ukaguzi, hata wakikuanzishia mshahara huohuo. Msimu wa kufunga hesabu utalala na mafaili, na kila mteja atakuona adui. Miaka yangu mitatu ya pale ilinipandisha kuliko saba niliyokaa kwingine.

Mleta uzi: Mshahara huohuo, mzee wangu?

Mzee wa Leja: Huohuo. Ulisema kusota uko tayari.