Rangi ya mkanda wa ngozi inahamia kwenye nguo: nimekosea wapi?

MwanagenziMoro:
Salaam, ndugu zangu. Nina miezi minne tangu nianze kutengeneza mikanda na pochi za ngozi kwa mikono hapa Morogoro. Kukata na kushona kunakwenda vizuri, lakini rangi imenishinda. Mkanda wa kahawia niliomuuzia jirani ulichafua shati lake jeupe siku ya kwanza alipouvaa, nikamrudishia fedha zake. Ninapaka rangi ya spiriti kwa brashi mara mbili, ninaanika juani, kisha ninapaka mafuta ya nazi kwa wingi ili ngozi ing'ae. Vipande vingine hutoka na mabaka, na vingine havinywi rangi kabisa. Naomba msaada wenu.

Fundi_Kariokor:
Ndugu, nianze na hivyo visivyonywa rangi, kwa sababu vinaeleza mengi. Ngozi nyingi za madukani zimedabaghiwa, yaani zimetiwa dawa ili zisioze, ama kwa magome ya miti, kama vile miwati, ama kwa chumvi za kromu, na ni ile ya magome inayopokea rangi ya mkono vizuri. Dondosha tone la maji upande wa juu: likizama na kuacha doa la giza, ngozi hiyo inafaa, likibaki linateleza kama maji juu ya jani la myugwa, huenda ni ya kromu au imekwisha kupakwa kitu kiwandani. Tazama pia ukingo uliokatwa, kwani kromu mara nyingi huonyesha kijivu chenye usamawati katikati.

Mabaka hutokana na ngozi kunywa rangi bila usawa. Ipanguse kwanza kwa kitambaa chenye unyevu, kisha weka brashi kando na utumie kitambaa cha pamba, ukipaka kwa kuzungusha, tabaka jembamba juu ya jembamba, na rangi ikiwa imezimuliwa. Kausha kivulini, maana jua kali huikakamaza ngozi na kuifanya ipasuke.

Kuhusu shati la jirani yako, naamini uliruka hatua ambayo wanagenzi wengi huiruka. Rangi ikikauka, mabaki yake hubaki juu ya ngozi kama vumbi, nayo ndiyo yanayohamia kwenye nguo. Sugua kwa kitambaa kikavu, ubadilishe kitambaa kila kinapochafuka, hadi kitoke safi. Inachosha, na mkanda mmoja unaweza kukumalizia vitambaa vinne, lakini hakuna vanishi itakayoifanya kazi hiyo badala yako. Baada ya hapo paka mafuta kidogo sana, acha siku nzima, ndipo upake nta ya nyuki. Upande wa ndani wa mkanda usiutie rangi kabisa.

MshonaMakubadhi:
Mwanangu, nakubaliana na fundi, nami naongeza jambo moja la rangi nyeusi. Mimi hutumia siki na chuma cha kusugulia sufuria, nikikiosha kwanza kwa sabuni ili mafuta yake yatoke. Kiloweke kwenye chupa ya siki kwa wiki moja au mbili bila kukaza kifuniko, kwa sababu hutoa gesi, kisha uchuje. Ukiipaka kwenye ngozi ya magome, chuma hukutana na tanini, ile dawa ya magome iliyomo, na ngozi hugeuka nyeusi machoni pako. Weusi huo unazaliwa ndani ya ngozi yenyewe, kwa hiyo hauhamii kwa urahisi. Ikitoka kijivu, tanini ni haba: paka chai kali ya rangi, isubiri ikauke, urudie. Mwishoni pangusa kwa maji yenye soda ya kuokea ili kuua ukali wa siki, suuza, kisha utie mafuta.

Kingo nazo zipige msasa, zilowanishe kidogo, uzisugue kwa kijiti laini cha mti mgumu mpaka zing'ae.

MwanagenziMoro:
Nashukuru sana, fundi, na shikamoo mama. Nimejaribu tone la maji: kati ya vipande vitano, vitatu vimeyakataa. Je, nivitupe?

Fundi_Kariokor:
Usivitupe. Vishonee mikoba na pochi kwa rangi ileile vilivyotoka nayo kiwandani, kwani ngozi ya kromu ni laini na haiogopi maji sana. Hivyo viwili vilivyobaki ndivyo vya kujifunzia rangi, ukianza na vipande vidogo vya pembeni kabla ya kugusa mkanda wa mteja.