Kiingilio cha Karura: nani anabaki nje ya lango?

Mzawa wa Mathare
Tangu 2025 zogo la msitu wa Karura, hapa Nairobi, ni nani akusanye pesa za kiingilio. Shirika la Misitu la serikali lilitaka malipo yapitie eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, Marafiki wa Karura, kikundi cha wananchi kinachosaidia kuutunza msitu, wakapinga. Mimi nauliza kwa nini tulipe hata kidogo. Juzi Jumapili nimepiga hesabu ya wanangu wanne: matatu mbili kwenda, mbili kurudi, kisha kiingilio chetu sote. Wamecheza kando ya mtaro kama kawaida.

Mkimbiaji wa Kiambu Road
Ndugu, bila hicho kiingilio hakuna msitu. Kabla ya uzio wanawake walikuwa wanaogopa kuingia hata mchana. Hiyo pesa inalipa walinzi, na kuna vijana wa Huruma waliopata kazi humo, Huruma ile ya ubavuni mwa msitu, si ya huko kwenu. Fungua bure uone takataka. Mbwa wangu ana adabu kuliko baadhi ya wanaokuja sikukuu.

Mzawa wa Mathare
Rudia hapo pa mbwa. Wanangu ndio umewalinganisha na mbwa?

Mkimbiaji wa Kiambu Road
Sikutaja watoto wa mtu. Nimesema baadhi.

Mama Pumwani
Mwanangu, kwa kuwa umemtaja huyo mbwa. Mwaka jana nilienda bustani moja hapa mjini, adhuhuri imekaribia, nimeshatawadha. Mbwa hana kamba akanirukia, mate yote kwenye buibui. Mwenyewe ananiambia, "Haumi huyo." Sikuuliza kama anauma! Sijarudi tena.

Mkimbiaji wa Kiambu Road
Karura sheria ni kamba, mama. Wangu hafunguliwi.

Fundi wa Kayole
Sheria ni kamba, na ninyi mnazifungua mkishapita kona. Nimewaona kwa macho yangu.

Mkimbiaji wa Kiambu Road
"Ninyi" nani? Unanijua?

Fundi wa Kayole
Sikujui, na askari wa lango hanijui pia, ila aliniuliza, "Unamfuata nani humu?" Pesa ya kiingilio ninayo mkononi. Nina rasta na begi la vifaa vya kazi. Akalimwaga lote chini, bisibisi na koleo kwenye vumbi, huku watu wenye viatu vya mazoezi wakipita bila kuguswa. Sitaji ni bustani gani. Kiingilio kikiondolewa kesho, yule askari bado yupo.

Mwalimu Mstaafu
Vijana, Wangari Maathai alipigania Uhuru Park 1992 ili mnyonge apate pa kulala chini ya mti bila kuulizwa. Mnagombania mbwa?

Fundi wa Kayole
Mwalimu, kupinga ule mnara wa ghorofa 60 uliotaka kujengwa Uhuru Park kulikuwa 1989. 1992 ni akina mama wa wafungwa wa kisiasa, pale Freedom Corner, kona ya hiyo hiyo Uhuru Park.

Mwalimu Mstaafu
Asante kwa kunisahihisha. Na kule Karura, Wangari alipasuliwa kichwa Januari 1999, msitu ulipokuwa unagawiwa wakubwa. Hilo silisahau.

Mkimbiaji wa Kiambu Road
Basi uzio ndio uliokomesha kunyakua.

Mwalimu Mstaafu
Watu ndio waliokomesha. Uzio ulikuja baadaye.

Magurudumu Mawili
Naomba niulize. Natumia kiti cha magurudumu. Yupo anayejua njia ya Karura ambayo haina changarawe kubwa? Mvua ikinyesha mimi hukwama, na kusukumwa na mtu nisiyemjua sipendi.

Mama Pumwani
Bado nasubiri jibu la mbwa.

Mkimbiaji wa Kiambu Road
Mama, pole sana. Mwenye yule mbwa alikukosea, na mimi nisingekubali mama yangu atendewe hivyo. Nisamehe kama maneno yangu yamekuchoma.

Mzawa wa Mathare
Mama ameombwa radhi. Wanangu je?