Naomba ushauri: kutafsiri Emily Dickinson, nifuate toleo lipi?

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada kwa waliowahi kutafsiri mashairi ya Emily Dickinson, mshairi wa Marekani wa karne ya 19.

Toleo la 1890, lililotoka miaka minne baada ya kifo chake, halina kikwazo cha hakimiliki. Shida ni kwamba wahariri wake, Mabel Loomis Todd na Thomas Wentworth Higginson, waliyapa mashairi majina, wakaondoa vistari vyake (—) na kunyoosha vina. Lile la Mauti anayekuja na gari la farasi walilinyofoa ubeti mzima wa nne, ule wa umande, baridi na gauni jepesi. Hasara kubwa, maana mizani hugeuka hapohapo: beti nyingine ni 8-6-8-6, huo ni 6-8-8-6.

Wahariri wa baadaye, Thomas Johnson (1955) na R. W. Franklin (1998), walirudi kwenye miswada, ila Chuo Kikuu cha Harvard kinadai hakimiliki ya matini hizo. Namba nazo zinachanganya: shairi hilohilo ni 712 kwa Johnson, 479 kwa Franklin. Ukitaja namba bila mhariri, msomaji anafungua shairi jingine kabisa.

Sasa maswali. Kutafsiri moja kwa moja kutoka picha za miswada kunakwepa tatizo la hakimiliki? Na mizani 8-6 mnaibanaje, wakati neno moja kama "hakunisubiri" linameza mizani sita? Nafikiria 12-8, kwa vina vya mwisho tu. Vistari nisingependa kuvigeuza mkato, vinabeba pumzi ya shairi. Lakini vikizidi vitatu mstarini, jicho la msomaji wetu linakwama. Mnavipunguza kwa kigezo gani?