Nyumba yenye fremu mbele: tuiandike makazi au biashara?

Wakuu, habari za leo. Naleta mada ambayo imenigombanisha na wenzangu wiki nzima. Tunachora ramani ya matumizi ya ardhi kwa mitaa kadhaa ya Dar es Salaam, na kilichotukwamisha ni nyumba ya aina moja tu. Aliyekaa Manzese, Tandale au Mbagala anaijua: korido katikati, vyumba vitatu huku, vitatu kule, choo na jiko uani. Vyumba viwili vya mbele vimetobolewa ukuta vikawa fremu za biashara. Moja saluni, nyingine wakala wa pesa za simu. Barazani fundi cherehani, na jioni meza ya chipsi.

Wenzangu wanaipaka rangi ya biashara kwa sababu ndicho kinachoonekana ukiwa barabarani. Mimi nasema ni makazi. Siku ya kwanza hata mimi nilibonyeza "biashara" kwenye simu, mama mwenye nyumba akachungulia bega langu akaniuliza: "Mwanangu, umeandika duka. Sasa mimi nalala wapi?" Nikahesabu, fremu mbili, vyumba vinne vya kulala, na wenye kulala humo walikuwa kumi na mmoja.

OpenStreetMap, ile ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, ambayo vijana wa mradi wa Ramani Huria waliijaza kata kwa kata kuanzia 2015 kwa ajili ya mafuriko, ina kanuni naiunga mkono: jengo huandikwa kwa namna lilivyojengwa, na shughuli ya leo huandikwa pembeni. Ilijengwa nyumba, ibaki nyumba. Saluni ipewe nukta yake. Maji ya mto Msimbazi yakipanda saa nane usiku, anayetafutwa ni aliyelala, fremu imefungwa kwa kufuli. Karibuni.

Kamba_na_Bikoni: Mleta mada, unajitafutia kazi isiyokuwepo. Kwenye michoro ya mipangomiji tuna "makazi" na tuna "makazi na biashara". Weka hiyo ya pili, nenda kale. Na usisahau kwamba kwenye kiwanja chenye hati, matumizi yameandikwa mle ndani. Anayetaka kugeuza anaomba kibali cha kubadilisha matumizi, na pango la ardhi linapanda. Wewe ukiandika kila mtu "nyumba" unawabeba waliokiuka.

Mleta mada: Mkuu, hiyo rangi ya pili niliijaribu. Manzese yote ikawa rangi moja, kuanzia barabara ya lami hadi kichochoro cha mwisho, maana hakuna nyumba isiyouza hata barafu. Ramani ya rangi moja inamsaidia nani? Na suala la hati waulize wenye hati. Huku wengi hawana, wanasubiri urasimishaji, yaani kupimiwa na kupewa hati. Mimi narekodi kilichopo, sihukumu.

Mzee wa Marobota: Kijana unaongea vizuri hadi utakapofika Kariakoo. Njoo mtaani kwetu. Ghorofa zimejengwa chini maduka, juu fleti: sebule, vyumba, jiko, kila kitu. Panda sasa ngazi uone. Sebuleni marobota ya vitenge, bafuni maboksi ya viatu, jikoni mabegi hadi dari. Kote ni stoo. Kwa kanuni yako ya "lilijengwa kama nini", ramani itasema pale wanalala mamia ya watu, kumbe analala mlinzi na paka. Halafu kumbuka lile ghorofa lililoporomoka tarehe 16 Novemba 2024, Jumamosi asubuhi. Waliofukiwa mle hawakuwa watu waliolala, walikuwa kwenye biashara zao. Ramani yako ya usiku ingewasaidia nini?

Mleta mada: Hapo mzee umenikamata, na sina ubishi. Kariakoo nakubali iandikwe sakafu kwa sakafu, kinachofanyika leo, na watu wa mchana wahesabiwe mbali na wa usiku. Lakini ndiyo sababu naogopa kulazimisha neno moja kwa mji mzima. Stoo ya Kariakoo imemfukuza mtu. Fremu ya Manzese inamlisha anayelala nyuma yake.

Binti Goba: Mnabishana vyumba, sisi wa pembezoni mmetusahau. Kwetu nyumba moja imekaa katikati ya mihogo na migomba, ukichora eneo lote "makazi", kwenye hesabu ya mafuriko mvua inakuwa kama inaangukia zege tupu. Na msidhani picha ya setelaiti itawaokoa. Yale majengo ya Afrika aliyoyatoa Google 2021 yana umbo na ukubwa wa paa, basi. Paa la banda la kuku na paa la chumba cha mpangaji ni bati lile lile.

Mpangaji Mwandamizi: Ngoja niseme mnachokikwepa. Watu wanawajibu kwa woga wa kodi. Mkija na vishikwambi, fremu inafungwa, mnaambiwa "hapa tunalala tu". Kodi ya jengo ilipohamia kwenye LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, mwaka 2021, nyumba ya kawaida ilikuwa 12,000 kwa mwaka, ghorofa 60,000 kwa kila sakafu. 2023 zikawa 18,000 na 90,000. LUKU haiulizi kama una saluni, lakini nani atamwaminisha bibi hilo?

Mleta mada: Kweli, ndiyo maana siulizi tena "hii ni nini". Nauliza nani analala humu na mchana panafanyika nini, maswali mawili, safu mbili. Nilidhani nimemaliza. Jana nikafika kwa kinyozi mmoja, fremu ya futi kumi kwa kumi, kioo na kiti kimoja. Nikamuuliza anaishi wapi. Akavuta pazia nyuma ya kiti, godoro limeviringishwa, jiko la mchina, ndoo mbili. Wenye kujua, huyo mnamwandikaje?